Kubadilisha Beringi za Usukani wa Pikipiki Nyumbani

Usukani wa pikipiki hugeukia juu ya beringi mbili zilizofichwa ndani ya bomba la kichwa cha fremu, moja juu na nyingine chini. Katikati ya beringi hizo hupita shina la usukani, chuma cha mviringo kinachounganisha kibanio cha juu na kibanio cha chini vinavyoshika shokapu za mbele. Kishindo cha kila shimo na nguvu ya kila breki ya ghafla hupitia hapo kabla ya kufika kwenye fremu. Beringi ya chini ndiyo inayobeba zaidi, tena iko jirani na maji na matope yanayorushwa na tairi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayotangulia kuharibika.

Pikipiki nyingi ndogo, zikiwemo zinazofanya kazi ya bodaboda, hutumia gololi za chuma zinazozunguka kati ya vikombe viwili: kimoja kimegongewa kwenye fremu, kingine kiko kwenye shina. Nyingine zina rola zilizochongoka upande mmoja, ambazo hustahimili mzigo mkubwa zaidi. Namna ya kuzibadilisha inafanana, ila rola huhitaji kukazwa kwa uangalifu zaidi.

Dalili za kuchakaa

Sehemu kubwa ya safari pikipiki huenda ikiwa imenyooka. Gololi hubaki mahali pale pale huku barabara ikizigonga, grisi husukumwa pembeni, na taratibu vishimo vidogo huchimbika kwenye vikombe. Dereva huanza kuhisi usukani "unaingia kwenye pengo" kila unapofika katikati. Hiyo ndiyo dalili ya wazi kuliko zote, kwa kuwa hakuna kifaa kingine cha mbele kinachofanya hivyo. Maji huharakisha uharibifu, hasa pale kichwa cha fremu kinapooshwa kwa mashine ya presha: maji hupenya, grisi hugeuka kuwa tope, na kutu huingia.

Ili kupima, pikipiki husimamishwa kwa stendi ya katikati na gurudumu la mbele likainuliwa juu ya ardhi. Usukani hugeuzwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikwama, ukikwaruza au ukikamata katikati, beringi zimekwisha. Kisha ncha za chini za shokapu hushikwa kwa mikono miwili na kuvutwa mbele na nyuma, huku mtu wa pili akiweka kidole kwenye mpaka wa fremu na kibanio cha chini. Kidole kikihisi mchezo, beringi zimelegea au zimechakaa. Kisipohisi kitu na bado kuna mlio, huenda shokapu zenyewe ndizo zilizochakaa. Gurudumu linalocheza kushoto na kulia huelekeza kwenye beringi za gurudumu, ambazo ni kazi nyingine kabisa.

Kuna desturi ya kuficha tatizo kwa kukaza nati ya usukani. Ni desturi mbaya na ya hatari. Mchezo hupungua, lakini vishimo vinabaki, na usukani uliokazwa kupita kiasi humnyima dereva marekebisho madogo anayoyafanya bila kufikiri ili asianguke. Pikipiki huanza kuyumba ikienda polepole na hukataa kurudi katikati baada ya kona. Nati inaweza kukazwa pale tu mchezo ulipo lakini usukani unageuka laini kabisa.

Vifaa na maandalizi

Seti mpya inunuliwe ikiwa kamili: vikombe vyote, gololi zote na sili. Kuweka gololi mpya kwenye vikombe vya zamani ni kupoteza fedha, kwa sababu vishimo viko kwenye vikombe na gololi mpya zitaingia humo humo. Vinahitajika pia spana za kawaida, spana ya ndoano kwa ajili ya nati yenye mapengo, nyundo, tindo, kipande kirefu cha nondo chenye ncha bapa, kipande cha bomba kinachoingia kwenye shina, grisi nzito ya beringi na mafuta ya taa ya kuoshea. Mafuta ya taa hutumiwa mahali penye hewa, mbali na moto na sigara.

Tangi la mafuta hufunikwa kwa blanketi au huondolewa kabisa. Gogo imara huwekwa chini ya injini, bila kuegemea bomba la moshi, na nyuma ya pikipiki hufungwa kwa kamba. Shokapu na gurudumu vikishatoka, uzito wa mbele hubadilika, na pikipiki isiyofungwa inaweza kumwangukia mfanyakazi. Picha za simu za jinsi waya zinavyopita huokoa muda mwingi wakati wa kurudisha.

Kufungua

Nati kubwa ya juu ya shina hulegezwa kwanza, gurudumu likiwa bado chini, maana hapo usukani hautikisiki. Kisha gurudumu, madigadi na waya wa spidi hutolewa. Penye breki ya diski, kalipa huning'inizwa kwa waya wa chuma. Isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Usukani hufunguliwa na kulazwa juu ya blanketi pamoja na waya zake. Kabla ya kuchomoa shokapu, kimo chake ndani ya kibanio cha juu hupimwa au kuwekewa alama, kwa kuwa zikirudi kwa vimo tofauti, gurudumu litakaa upande.

Kibanio cha juu kikiondolewa, hubaki nati yenye mapengo. Hapa mkono mmoja hushikilia kibanio cha chini wakati nati inafunguliwa, na kitambaa cheupe hutandikwa chini, kwani gololi zisizo na kishikio hudondoka zote kwa mpigo. Gololi za juu na za chini huhesabiwa kando kando na kuwekwa kwenye vikopo viwili. Idadi na ukubwa wake vinaweza kutofautiana.

Kutoa na kuingiza vikombe

Nondo hupitishwa ndani ya bomba la kichwa cha fremu hadi iguse ukingo wa kikombe cha upande wa pili. Pigo moja kulia, pigo moja kushoto, kikombe kinatoka kimenyooka. Kikigongwa upande mmoja tu hulala na kukwangua fremu, na fremu iliyokwanguliwa haitashika kikombe kipya vizuri. Zipo fremu ambazo ukingo huo hauonekani kabisa. Fundi wa kuchomelea anaweza kupitisha mstari wa weldi ndani ya kikombe cha zamani. Chuma kikipoa husinyaa na kikombe hulegea. Betri hutolewa waya zake kabla ya kuchomelea.

Kikombe kilicho chini ya shina huinuliwa kwa tindo kidogo kidogo kuzunguka pande zote. Shina na bomba husafishwa, na kutu huondolewa kwa msasa laini. Shina lililopinda au lenye ufa halirudishwi.

Ubora wa kazi yote hutegemea hatua inayofuata. Vikombe vipya vya fremu hukaa kwenye friza kwa saa kadhaa ili visinyae kidogo, halafu hugongwa kwa kutumia kikombe cha zamani kilichosagwa ukingo wa nje kisije kikakwama. Nyundo haigusi kamwe njia inayopitiwa na gololi. Alama moja tu hapo ni mwanzo wa kishimo kipya. Mlio wa nyundo hubadilika na kuwa mzito kikombe kinapofika mwisho, na kidole kikipitishwa ndani hakihisi mwanya wowote. Kikombe cha shina huingizwa kwa kipande cha bomba kinachosukuma ukingo wa ndani peke yake, baada ya sili kuwekwa chini yake. Kikombe ambacho hakijafika mwisho kitashuka chenyewe barabarani, na usukani utalegea ndani ya siku chache.

Kurudisha na kurekebisha

Grisi hupakwa kwa wingi kwenye vikombe, na gololi hupangwa humo moja moja. Grisi yenyewe huzishika zisianguke. Beringi za rola hujazwa grisi mpaka itokeze upande wa pili. Shina hupandishwa wima, bila kugonga, na nati yenye mapengo hufungwa kwa mkono.

Kisha nati hukazwa kwa spana hadi iwe nzito kiasi ili vikombe na gololi vikae mahali pake. Usukani hugeuzwa mara kadhaa mwisho hadi mwisho, nati hulegezwa, halafu hukazwa tena polepole mpaka pale mchezo unapokwisha. Kitabu cha pikipiki kikitaja kipimo cha kukaza, kipimo hicho ndicho kifuatwe. Shokapu na kibanio cha juu hurudishwa, nati kubwa ya juu hukazwa huku bolti za kibanio cha chini zikiwa zimelegea, ndipo bolti hizo zikazwe. Upimaji hurudiwa baada ya hapo, kwa sababu nati ya juu huongeza mkazo kwenye beringi na usukani uliokuwa laini unaweza kuwa mzito.

Marekebisho mazuri hutambulika hivi: gurudumu likiwa juu, usukani ukisukumwa kidogo kutoka katikati, huanguka wenyewe hadi mwisho upande wowote, na shokapu zikivutwa hakuna mchezo. Waya zilizobanwa zinaweza kuuzuia. Hukaguliwa kabla ya kugusa nati tena. Mwisho usukani hugeuzwa kikamilifu injini ikiwa inanguruma taratibu. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta unavutwa na lazima upitishwe upya.

Breki ya mbele hupimwa pikipiki ikiwa imesimama, kisha majaribio hufanywa polepole, bila abiria, mahali pasipo magari. Baada ya siku chache za kazi, mkazo hupimwa tena, kwani vifaa vipya hukaa vizuri baada ya kutembea. Pikipiki ambayo bado inayumba au kugonga baada ya hapo isibebe mtu wala mzigo hadi fundi mwenye uzoefu aikague.