SOMO LA UFUNDI: TUPIME MAGURUDUMU YA MBELE YA LAND ROVER

Somo letu la leo ni la magurudumu ya mbele ya gari. Huenda wewe huna gari. Lakini kijiji kikiwa na Land Rover ya kupeleka wagonjwa na kuleta mbegu, matairi yake hununuliwa kwa fedha za wote, na zako zimo. Kwa hiyo somo hili linakuhusu.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Matairi mawili mapya yanafungwa mbele. Baada ya muda mfupi yamekuwa vipara upande mmoja. Kamati inasema dereva anakimbiza gari. Dereva naye anasema kamati ilinunua matairi mabovu. Watu wananuniana, kumbe hakuna aliyeinama kuyatazama magurudumu yenyewe.

Basi sisi tuiname. Pitisha kiganja polepole juu ya meno ya tairi, kutoka upande wa ndani wa gari kuja nje. Kisha rudisha kutoka nje kwenda ndani. (Angalia kwanza kama hakuna waya zilizochomoza, zisikukate.) Ukisikia ukali kama wa msumeno unapokuja nje, na ulaini unaporudi ndani, magurudumu yamebana mno mbele. Ukisikia kinyume chake, yamefunguka mbele.

Kubana na kufunguka ni nini? Simama utazame miguu yako. Vidole vya mguu huu vikielekea vya mguu ule, na visigino vikaachana, miguu imebana mbele. Vidole vikitazama nje, imefunguka. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo, ukiyatazama kutoka juu.

Tufanye hesabu kidogo. Tairi la Land Rover lina upana wa kama sentimita 80 kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, yaani milimita 800. Tuseme ukingo wa mbele umeingia ndani milimita 10 kuliko ule wa nyuma. Kumi kwa mia nane ni moja kwa themanini. Maana yake, kila gari linapokwenda mita 80, tairi linaburuzwa kando mita moja. Gari likienda kilomita 80, tairi limeburuzwa kilomita nzima. Chukua raba ya kufutia penseli, iburuze juu ya changarawe kilomita nzima, uone kama itabaki kitu!

Sasa msomaji atauliza: kwa nini yasinyooke kabisa? Kwa sababu gari likisukumwa na magurudumu ya nyuma, barabara huyazuia ya mbele, nayo husukumwa kufunguka kidogo. Kwa hiyo huachwa yabane kidogo sana, ili gari likiwa mwendoni yanyooke. Kwa Land Rover za zamani, kama Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kipimo ni kubana milimita 1.2 hadi 2.4. Sisi tutasema milimita 2, inatosha. Lakini tahadhari: usichukue kipimo hiki ukakiweka kwenye gari lolote. Yapo magari ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, na baadhi yake hutakiwa kufunguka kidogo mbele. Soma kitabu cha gari lako kwanza.

Kabla ya kupima, tukague. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, maana breki ya mkono peke yake haitoshi. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha weka gogo nene au stendi chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Jeki huteleza, na gari halina huruma. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Likichezacheza, kuna beringi iliyolegea, au kingpini, au tairodi endi iliyokwisha. Rekebisha hayo kwanza. Kupima gari lililolegea ni kujidanganya, kwani kipimo cha asubuhi si cha jioni.

Tazama pia tairodi yenyewe, ile fimbo ndefu ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Vuta uzi kutoka ncha moja hadi nyingine. Fimbo ikiachana na uzi katikati, imepinda, labda iligonga kisiki. Wako wanaoipeleka kwa mhunzi ipashwe moto na kunyooshwa. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Fimbo hiyo ikikatika mwendoni, kila gurudumu hufuata njia yake, na ndani ya gari huenda yumo mama mjamzito. Nunueni nyingine.

Sasa tupime. Gurudumu likiwa bado juu, mtu mmoja alizungushe polepole. Mwingine akae chini, mkono wake ukiwa umeegemea tofali, ashike msumari uguse katikati ya meno ya tairi. Ukipaka chaki kwanza, msumari utachora mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Faida yake ni kwamba hata rimu ikiwa imepinda, mstari haudanganyi. Fanya hivyo na upande wa pili.

Shusha gari. Jaza matairi yote mawili upepo sawasawa. Sakafu ya saruji ya ghala ndiyo nzuri. Nyoosha usukani, ondoa mawe, kisha sukumeni gari mbele mita mbili au tatu ili magurudumu yakae. Msilirudishe nyuma. Rudisheni mawe mahali pake.

Hapa tumwite mwashi na timazi yake. Akiwa mbele ya tairi, aegemeze uzi juu ya mstari, usawa wa katikati ya gurudumu, timazi ining'inie mpaka karibu na sakafu. Ikitulia, tia nukta ya penseli chini yake. Fanya hivyo nyuma ya tairi hilo hilo, kisha tairi la pili. Sasa sakafuni kuna nukta nne. Ondoeni gari. Pima kutoka nukta ya mbele ya kushoto hadi ya mbele ya kulia, halafu za nyuma. Ncha ya futikamba huchezacheza, kwa hiyo tuanzie kwenye sentimita 10. Rudieni kazi hii ya timazi mara tatu. Vipimo visipokubaliana, msishike spana bado.

Kurekebisha si kazi kubwa. Legeza klampu zilizo kwenye ncha mbili za tairodi. Kama zimeshika kutu, piga brashi ya waya na utie mafuta tangu jana yake. Ncha moja ina uzi wa kulia na nyingine wa kushoto, kwa hiyo ukiizungusha fimbo, inarefuka au inafupika bila kuifungua. Tazama kwanza imekaa wapi. Ikiwa mbele ya ekseli, kuirefusha kunafungua magurudumu mbele. Ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha kunayabana. Zungusha robo tu kwa spana ya mabomba, sukumeni gari tena mbele, pimeni upya. Kipimo kikikubali, kaza klampu, na mtu wa pili azijaribu kwa mkono wake. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, muone kama hakuna kinachogusa. Kisha dereva aende polepole mahali pasipo watu, ajaribu usukani na breki.

Hesabu ya kufanya darasani: Nukta za mbele zimeachana milimita 1,304. Za nyuma zimeachana milimita 1,313. Tairodi ya gari hili iko mbele ya ekseli. Je, magurudumu yamebana au yamefunguka? Kwa milimita ngapi? Tairodi irefushwe au ifupishwe?

Jibu: Yamebana kwa milimita 9. Tairodi irefushwe, mpaka tofauti ibaki milimita 2.