Mfiwa Katika Utafiti wa Afya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Mtu anapofariki kwa kujiua, hodi ya kwanza nyumbani mara nyingi si ya daktari wala ya mshauri nasaha. Ni ya polisi wanaotaka maelezo. Hufuata uchunguzi wa maiti, kisha minong'ono ya majirani kuhusu mazishi. Mtafiti asiyeyajua hayo huenda akaandaa hojaji yenye swali kama hili: "Ulipata ushauri nasaha baada ya siku ngapi?" Mfiwa angeuliza jingine: nani alikuja matangani, na waliokosa kuja walizuiwa na nini?

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuhojiwa na kushirikishwa. Anayehojiwa hujibu maswali yaliyokwisha kuandikwa. Anayeshirikishwa huketi na watafiti maswali yanapotungwa, na huweza kuwaambia kwamba neno fulani linaumiza. Kwa mfano, mfiwa hapendi kusikia kwamba mwanawe "alitenda kosa". Nchini Kenya, jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Si ajabu basi familia ikisita kusema ukweli mbele ya mgeni mwenye karatasi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, zikiwemo zile za mashirika ya umma. Azimio la Helsinki, lililorekebishwa mwaka 2024, nalo linataka jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, unapoendelea na baada yake.

Ukialikwa, omba kuona kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI) pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Uliza kuhusu nauli na fidia ya siku yako ya kazi. Usione haya, kwani mtafiti naye hulipwa. Uliza pia: mazungumzo yakikulemea, nani ataketi nawe, na nani atakujulia hali kesho yake? Msiba ukiwa mbichi, kataa au omba muda. Waweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako hayapaswi kuathirika.

Kumbuka kwamba ridhaa yako si ridhaa ya ukoo mzima: mjane aweza kukubali na mama wa marehemu akakataa, na wote wawili waheshimiwe. Utafiti ukimalizika, dai nakala ya matokeo kwa lugha unayoisoma.