Jioni Moja, Lugha Mbili, Kitabu Kilekile

Kabla hamjafungua kitabu chochote, andika majina manne ubaoni. La kwanza ni Things Fall Apart, riwaya aliyoitoa Chinua Achebe mwaka 1958. La pili ni Le monde s'effondre, tafsiri ya Kifaransa ya Michel Ligny iliyotoka 1966. La tatu ni Tout s'effondre, tafsiri mpya ya Pierre Girard ya 2013. La nne ni Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute ya 1973. Kisha uliza swali moja tu: ni nini hasa kinachoporomoka? Kwa Ligny ni ulimwengu, kwa Girard ni kila kitu, na Kiswahili kimeuacha mporomoko wenyewe kikamtaja mtu. Wape watu dakika kumi wabishane. Aliyesoma shule ya Kifaransa na aliyesoma ya Kiingereza watajikuta wanahitajiana, kwa sababu kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake hana.

Hivyo ndivyo ninavyopenda sherehe ya lugha mbili ianze. Nimekaa katika hafla nyingi ambapo hotuba ya Kifaransa inafuatwa na hotuba ya Kiingereza, na nusu ya ukumbi inaangalia simu ikisubiri zamu yake. Lugha mbili zimepewa jukwaa, lakini hazijakutana. Kameruni inatufundisha jambo hapa. Tangu muungano wa 1961 nchi hiyo ina lugha mbili rasmi, na katiba yake inazipa hadhi sawa. Hata hivyo, mwaka 2016 mawakili na walimu wa mikoa miwili inayotumia Kiingereza waliingia barabarani wakilalamika kwamba wanapelekewa mahakimu na walimu waliolelewa katika mfumo wa Kifaransa. Usawa wa kwenye karatasi hauwafanyi watu wasikilizane. Kitabu kimoja kinachosomwa na pande zote mbili kwa pamoja hakimalizi mgogoro wa nchi, lakini kinawaketisha watu mezani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchagua kitabu kimoja, kifupi, kinachopatikana kwa lugha zote mbili. Ningeanza na Une vie de boy ya Mkameruni Ferdinand Oyono, iliyotoka 1956. John Reed aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1966 kwa jina Houseboy, na Kiswahili nacho kikaipata kwa jina Boi. Ni shajara ya kijana Toundi, anayetumikia kwa padri, kisha kwa Komandanti wa kizungu katika mji wa Dangan. Tazama jina lenyewe la Kifaransa: ndani yake limekaa neno la Kiingereza. Tena, mwanzoni mwa riwaya msimulizi anasema madaftari ya Toundi yaliandikwa kwa Kiewondo, lugha ya nyumbani, na kwamba yeye ndiye aliyeyatafsiri. Oyono alikiandika kitabu chake kwa Kifaransa, lakini alitaka tuisikie lugha nyingine chini yake. Usiiache hoja hiyo ipite, maana inamkumbusha kila aliye mezani kwamba Kifaransa na Kiingereza ni lugha za wageni zilizokuta watu wakizungumza.

Watu sita hadi kumi na wawili wanatosha, na saa moja na nusu inatosha. Chagua nusu ukurasa, si sura nzima. Toa nakala za Kifaransa na za Kiingereza kwenye karatasi mbili tofauti, wala usizigawe kwa pamoja. Msomaji wa kwanza asome Kifaransa kwa sauti, polepole, bila maelezo. Wasiojua Kifaransa wasikilize tu na kuandika maneno wanayoyanasa. Watashangaa ni mengi kiasi gani. Halafu asome tena. Ndipo Kiingereza kisomwe, na karatasi zote mbili ziwekwe mezani. Sharti moja ulisimamie bila huruma: hakuna kumsahihisha mtu matamshi anaposoma. Nimeona jioni nzuri ikifa kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa kuvumilia r ya mwenzake.

Baada ya hapo tafuteni mahali matini mbili zinapoachana, na hapo ndipo mkae muda mrefu. Chukua suala la kumwita mtu. Kifaransa kina tu kwa rafiki, kwa mtoto na kwa unayemwona yuko chini yako, na kina vous kwa mkubwa au usiyemzoea. Katika makoloni mzungu alimwita Mwafrika tu, hata Mwafrika mwenye mvi, na Komandanti humwita Toundi hivyohivyo. Kiingereza kina you peke yake, na dharau hiyo inamezwa. Waulize: katika Kiswahili dharau ile ungeiweka wapi? Mmoja atasema "wewe" mkavu, bila jina, unatosha. Mwingine atakata "bwana" kila panapostahili kuwapo. Mwingine atakumbuka kwamba hakuna anayemwamkia mzee wa watu "shikamoo" katika ukurasa mzima. Yote ni majibu ya mtafsiri, na wote wamekuwa watafsiri bila kujua.

Iwe Kigali, Bujumbura au Goma, mpango huu unafaa hata sebuleni. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na leo kuna nyumba ambamo mama alimsoma mwandishi Mariama Bâ kwa Kifaransa na binti anamsoma kwa Kiingereza. Waketi pamoja na Une si longue lettre ya 1979, ambayo Modupé Bodé-Thomas aliitafsiri kwa jina So Long a Letter. Ni barua ya mjane kwa rafiki yake, haichoshi, na mama na binti watakuwa na mengi ya kusema ambayo hayahusu sarufi hata kidogo. Kwa watoto wadogo chukua hadithi za Leuk, sungura wa Senegali, walizoziandika Léopold Sédar Senghor na Abdoulaye Sadji mwaka 1953 kwa ajili ya shule. Mtoto anayemjua Sungura wetu atamtambua ndugu yake papo hapo, na atamsimulia upya kwa Kiingereza cha shuleni.

Kikundi kilichokwisha kuzoea kinaweza kumjaribu Samuel Beckett, aliyeandika tamthilia ya En attendant Godot kwa Kifaransa, ikachapishwa 1952, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Katika Kifaransa mhusika mmoja anamtaja kwa jina mkulima waliyemchumia zabibu huko Roussillon, mahali alipojificha Beckett wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika Kiingereza mhusika huyohuyo amesahau jina la mtu na jina la mahali. Mwandishi mwenyewe amebadili kumbukumbu alipovuka lugha. Someni mistari hiyo bega kwa bega, mara mbili.

Robo saa ya mwisho iwe ya kalamu. Kila mtu aandike mistari minne au mitano ya kipande mlichosoma kwa Kiswahili chake, awe wa Lubumbashi, wa Mombasa au wa Bujumbura, bila kukisanifisha. Tafsiri hizo zisomwe zote kwa zamu, kisha zibandikwe kwenye daftari moja la kikundi pamoja na tarehe na jina la kitabu. Daftari alichukue nyumbani yule atakayechagua kitabu kinachofuata.