Boksi Lililoachwa Getini

Kila anayeendesha kituo cha kuhifadhi wanyama analijua boksi la alfajiri. Linaachwa getini kabla ya adhana, ndani mna vitoto vya paka vitano, macho yameganda kwa tongotongo, na aliyewaleta hakupiga hodi. Ukiwapokea kimyakimya, mtaa umeshajua pa kutupia. Mwezi haupiti, mabanda yamefurika, mafua ya paka yanatambaa toka tundu hadi tundu, na watu wawili watatu wanaofanya kazi humo wamechoka hata kusalimia.

Wengi hukimbilia kujenga banda jingine. Nalo litajaa. Mtoto wa madrasa anaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia Motoni. Kituo kinachopokea kupita uwezo wake kinaelekea hukohuko, hata kama nia ni njema. Kwa hiyo hesabu kwanza unaweza kulisha, kusafisha na kutibu wangapi kwa siku, uandike idadi hiyo ukutani, na uiheshimu. Waliobaki watunzwe na mtaa, nawe uusaidie mtaa uweze.

Anza na huyo wa boksi. Mtu haachi wanyama gizani ila kwa aibu au woga wa kugombezwa, basi weka benchi getini, na anayekuja mchana apokewe kwa ukarimu na kuulizwa kisa chake. Utasikia mwenye nyumba amekataza, au paka jike anazaa bila kupumzika, au mbwa kaua kuku wa jirani. Mengi ya hayo yana dawa isiyohitaji tundu. Paka hubeba mimba miezi miwili tu na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kwa hiyo mwambie mwenye jike huyo: rudi na vitoto nyumbani vikae na mama yao hadi wiki ya nane, sisi tutamfunga kizazi jike na kukutafutia wa kuwachukua wadogo. Andikeni tarehe, na siku hiyo ikifika mfuate wewe, usingoje akukumbushe.

Asiyeweza kabisa, mtafutie nyumba ya kulea kwa muda. Kitoto cha paka kilicho jikoni kwa mtu kiko salama kuliko kilicho katikati ya wagonjwa. Karatasi moja inatosha, mradi iseme nani analipa dawa, nani apigiwe usiku, na mnyama anarudi lini.

Mfano wa Lamu unanifundisha mengi. Tangu 1987 pana kituo cha punda pale mjini, na punda wanaotibiwa bila malipo wengi wao hawahamii humo. Wanarudi kwa wenyewe, kwenye mawe na mchanga wa ujenzi wanaobeba kila siku. Yapo pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na zawadi anapewa mwenye punda. Sifa inapokwenda kwa mwenye mnyama, jirani yake naye huanza kutazama kidonda cha punda wake.

Wa kujitolea usiwaite kwa tangazo la jumla la "njooni msaidie". Mpe kila mtu kazi yenye jina na saa. Kwetu pwani wapo wanaohofia najisi ya mate ya mbwa. Usiwabishie, waombe wateke maji, waandike daftari, walishe paka, na watakuwa nguzo zako. Muuza samaki anaweza kukuwekea vichwa, lakini vichemshwe na miiba itolewe. Mifupa ya kuku iliyopikwa ikatae hata ikija na upendo wote, kwani hupasuka vipande vikali na kutoboa utumbo.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa isifanyikie kituoni. Ongea na mwenyekiti wa mtaa na ofisa mifugo, mkutane uwanja wa shule, asubuhi jua halijapanda. Lengo ni mbwa 70 katika kila 100, kwa kuwa chini ya hapo ugonjwa hupata pa kupenya. Pemba waliutokomeza, ukarudi, wakautokomeza tena kwa kuchanja mbwa. Hapohapo uwanjani wafundishe watoto wakijaribu kwa mikono yao: ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Kingine ni ubao wa nje, nao wakubwa wa vituo huuogopa. Kila Ijumaa andika walioingia, waliopata nyumba, waliokufa na kilichowaua, fedha iliyopatikana na ilivyotumika. Usifiche vifo. Niliwahi kusaidia kituo kilichovificha; fununu zikasema wanyama wanauzwa, na aliyekuwa akileta pumba na dagaa akaacha kuja. Ilichukua muda mrefu kumrudisha.

Aliyechukua mnyama mtembelee wiki ya pili na mwezi wa tatu. Usiende kama polisi. Kaa, kunywa chai ukikaribishwa, tazama bakuli la maji lina maji, kamba ya mbwa ina urefu gani, kivuli kiko wapi saa nane mchana. Ukikuta kasoro isemee palepale, taratibu, na umwachie namba ya mlezi mwenzake anayekaa mtaa huohuo, ili akikwama usiku awe na mtu wa kugongea mlango.