Kwa nini ukurasa hauishi kufunguka?

Taarifa ya mradi ambayo mfadhili wa Ulaya huifungua mara moja yaweza kuimaliza bando ya kamati ya parokia huku Mnero kabla haijafunguka. Mara nyingi kinacholemea ni picha, na kivinjari chenyewe hutuonyesha ni ipi.

Fungueni ukurasa kwa Firefox au Chrome, bonyezeni F12, ingieni sehemu ya mtandao, kisha pakieni ukurasa upya. Kila picha itaorodheshwa na uzito wake. Tangu 2006 kazi hii ilifanywa na Firebug, nyongeza ya Firefox, hadi iliposimamishwa 2017. Sasa zana zimo ndani ya vivinjari, bure.

Chrome ina Lighthouse, ambayo huupa ukurasa alama na kutaja cha kurekebisha. Firefox haina. Hata hivyo sisi tunaanza na Firefox, kwani huigiza hata mtandao wa GPRS, kilobiti 50 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo picha ya megabaiti 4 huchukua zaidi ya dakika 10. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 150, sekunde 24 tu.

Kamati zinazotengenezewa tovuti zimwombe fundi awaonyeshe orodha hiyo kabla ya kumlipa.