Kuhama Windows Kwenda Linux Bila Kupoteza Faili

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Wenye kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11 wamebaki njia panda, na baadhi yao wanahamia Linux, hasa Ubuntu au Linux Mint. Kuisimika si kazi kubwa. Kinacholiza watu ni faili: ukichagua kufuta diski nzima wakati wa kusimika, picha na nyaraka zako zote zinakwenda.

Faili zenyewe hazina ugomvi. Picha za JPEG, PDF na nyimbo za MP3 hufunguka kote. Nyaraka za Word na Excel hufunguliwa na LibreOffice, ingawa mpangilio wa ukurasa huweza kuyumba, hivyo mkataba au wasifu wa kuombea kazi uwekee pia nakala ya PDF. Programu hazihamishiki, usihangaike kunakili folda ya Program Files.

Tatizo ni faili usizokumbuka zilipo. Wengi hunakili Documents wakasahau Desktop na Downloads. Kama OneDrive imewashwa, chunguza zaidi: faili unayoiona kwenye folda huenda ni jina tu, yenyewe iko mtandaoni. Iagize ishuke yote kwanza. Alamisho za kivinjari zitoe kama faili ya HTML. Manenosiri yaliyohifadhiwa humo nayo yasisahaulike. Barua pepe zilizoshushwa kwenye kompyuta na kufutwa kwenye seva hazina kwingine zilipo, kwa hiyo zitafute mapema.

Diski ya nje ya kubebea iwe na mfumo wa exFAT au NTFS; Linux za sasa husoma mifumo yote miwili. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofikia GB 4, na video ndefu ya harusi hugomea hapo. Kabla ya kuifomati upya kwa exFAT au NTFS, toa vitu vilivyomo.

Je, kuna diski ya pili ndani ya kompyuta itakayobaki na data? Angalia kama imefungwa kwa BitLocker, na uandike ufunguo wa kuirejesha, wenye tarakimu 48, kwenye karatasi. Windows ukiizima kwa mara ya mwisho, shikilia Shift ili izimike kabisa. Vinginevyo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye diski hiyo.

Usiridhike kwa sababu tu kunakili kumefika mwisho. Ubuntu na Mint huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Ziwashe hivyo, chomeka diski ya nje, kisha fungua faili chache kutoka kila folda. Kwa vitu visivyopatikana tena, mfano picha za marehemu wazazi, weka nakala mbili mahali tofauti.

Ukisharidhika, chomoa diski ya nje kabla ya kuanza kusimika. Fundi aliyechoka huweza kuchagua diski isiyo yenyewe.