Tofali za kuchoma: tupige plasta?

Swali: Nyumba aliyotuachia baba hapa Iringa ni ya tofali za kuchoma. Kwa chini zinamumunyuka na kutoa unga mweupe. Fundi anataka plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Nikubali?

Jibu: Usikubali, ndugu yangu. Tofali hunyonya maji, kisha huyatoa taratibu kama mvuke. Ukiliziba, unyevu hubaki ndani na uso wake hubanduka. Anza na maji yenyewe: funga gata, ondoa udongo uliojikusanya ukutani. Unga huo ni chumvi. Upanguse kwa brashi kavu, usiuoshe. Viungio vilivyolegea vikwanguliwe, vijazwe mchanga na chokaa, saruji kidogo sana. Rangi mpya ipeleke kwenye milango, madirisha na fisha bodi. Nyumba itabadilika sura kabisa.